YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA MAPOROMOKO YA SANJE NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wateja waliosafiri nanyi mwishoni mwa juma kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Nilifuatana na shangazi yangu, mwalimu mstaafu mwenye miaka 66, ambaye sisi watoto wa kaka zake tulimchangia safari hiyo kama zawadi. Tulilipa Sh 190,000 kila mmoja. Malalamiko haya nilishayatoa kwa simu, nikajibiwa kuwa yanafanyiwa kazi. Tangu siku hiyo simu yangu haipokelewi, ndiyo maana naandika.

Tangazo lenu liliahidi "matembezi mepesi ya dakika 45, rika zote, ada zote zimelipwa". Kabla ya kutoa hela nilipiga simu kuuliza, kwa sababu goti la kulia la shangazi linamsumbua. Dada aliyepokea akanihakikishia kuwa njia ni tambarare na mama atapita bila wasiwasi. Sasa, ile picha mliyoipamba kwenye tangazo si Sanje. Ni Materuni, kule Uru juu ya Moshi, ambako mtu hupita katikati ya mashamba ya kahawa na migomba akafika kwenye maji bila kuhangaika sana. Nina wasiwasi kwamba hata zile dakika 45 mlizitoa hukohuko. Sanje maji yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu, kwenye ubavu wa mlima wenye msitu mnene, na mzunguko wake unakula saa nne hivi kwa mtu mwenye magoti mazima. Udzungwa si Mikumi, kwamba utakaa ndani ya gari unachungulia dirishani. Hifadhi hii imekuwepo tangu mwaka 1992 na watu huizunguka kwa miguu. Hilo mngelijua kwa kumpigia simu mtu yeyote wa Mang'ula.

Tulifika makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, saa tatu asubuhi. Ofisa wa mapokezi akatafuta malipo yetu kwenye kompyuta, kisha akageuza kioo ili msimamizi wenu ajionee mwenyewe: namba ya malipo ilishatolewa, fedha hazijaingia. Msimamizi akasema mtandao unasumbua. Mtandao huohuo ndio uliokuwa ukimruhusu kurusha picha zetu za pamoja kwenye ukurasa wenu wakati sisi tumekaa juani. Baada ya kupiga simu huku na huku, akapita kwenye basi akituomba kila mmoja ajilipie, eti mtarekebishana nasi tukirudi Dar. Tukalipa. Risiti ya serikali ninayo, na mlipaji aliyeandikwa ni mimi. Kwa raia wa Afrika Mashariki ada hiyo hulipwa kwa shilingi na haifanani kabisa na wanayotozwa wageni wa nje, kwa hiyo hadi leo sijaelewa mlikuwa mnabana nini.

Hapo ndipo tukaelezwa kwamba njia ya Sanje haianzii pale getini. Inaanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 nyuma, mahali tulipopita asubuhi ileile tukitokea Kidatu! Dereva hakujua. Msimamizi hakujua. Basi likageuzwa, na saa sita na nusu mchana, jua likiwa utosini, ndipo tukaanza kupanda.

Niseme wazi kwamba mwongozaji wa hifadhi na askari aliyetusindikiza hawana lawama yoyote katika barua hii. Yule kijana mwongozaji ndiye aliyetufanyia kazi ambayo ninyi mlilipwa kuifanya. Alitusimamisha chini ya miti akatuonyesha mbega wekundu, akatueleza habari za tumbili wa Sanje, ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 katika misitu hiyohiyo na ambao hawapatikani popote duniani nje ya Udzungwa. Kwenye kinyesi cha tembo kilichokuwa bado kibichi alitutaka tunyamaze na tusiachane. Msimamizi wenu hakuyasikia hayo. Alibaki kwenye basi kwa sababu alikuja na kandambili, na katoni la maji ya kunywa likabaki naye.

Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Njia inapanda mfululizo, udongo unateleza, na mizizi imejitokeza juu kiasi kwamba kila hatua lazima uichague. Shangazi alifika. Alisimama pale maji yanapopiga, akavua kilemba akaacha uso ulowe, akatazama chini kwenye bonde la Kilombero ambako mashamba ya miwa yanaonekana kama mkeka. Sina haja ya kuwaharibia Sanje jina, maana ni mahali ambapo kila Mtanzania mwenye nguvu zake angepaswa kupaona.

Balaa lilikuwa kushuka. Goti lilimgoma mapema tu, akawa anashuka kwa kukaa, mkono mmoja kwenye fimbo aliyoazimwa na mwongozaji, mwingine begani kwangu. Kila alipofika kwenye jabali alikuwa ananyoosha mguu mzima kwanza, anapapasa kwa kisigino kama pana utelezi, ndipo anauburuta ule mbovu. Kitenge chake kilichanika kwenye mzizi. Ndani ya msitu giza halisubiri magharibi, kwa hiyo sehemu ya mwisho tuliimalizia kwa tochi za simu, askari akiwa nyuma yetu anasikiliza vichaka. Wenzetu walikuwa wametutangulia muda mrefu. Kwenye basi msimamizi wenu akampokea mzee wa watu kwa kumwambia, "Si umefika lakini, mama?" Akajibiwa, "Nimefika. Wewe utafika lini?" Basi zima likacheka, ila mimi sikucheka.

Goti lilivimba, akapigwa picha hospitali na sasa anahudhuria mazoezi ya viungo. Daktari ameandika kwamba limeumizwa na mteremko.

Nadai mnirudishie ada za hifadhi tulizojilipia, nusu ya nauli ya kila mmoja wetu kwa huduma ambayo haikutolewa, pamoja na gharama za matibabu ya shangazi mpaka daktari atakapomruhusu. Vilevile liondoeni tangazo lile. Jana nimeliona bado lipo, na picha ileile ya Materuni, na chini yake mtu anauliza kama anaweza kwenda na mama yake. Mmemjibu "karibuni sana".

Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na nakala nitaifikisha kwa wanaowapa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Nimeambatanisha risiti zote, nakala ya tangazo kama lilivyosomeka siku niliyolipa, na cheti cha daktari.

Fedha zirudi kwa njia ileile mliyozipokea, yaani kwa simu. Vocha ya safari nyingine sitaipokea.

Wenu,
Mteja wa safari ya Sanje
(jina na namba ya simu vimo kwenye fomu yenu ya usajili)