Barua kwa Zuhura: hakuna aliyejibu

Zuhura mwenzangu,

Salamu sana. Natumai huko Doha joto limepungua kidogo na yule madam wako ameanza kukupa siku yako ya mapumziko kama mlivyokubaliana. Sisi huku Mombasa tuko salama, mama anakusalimu, watoto wamefungua shule.

Sauti yako ya WhatsApp nimeisikiza yote, nikaonelea nikuandikie manake hili jambo nikianza kulizungumza napaza sauti na watoto wanadhani kuna ugomvi. Umeuliza nyinyi huko Kenya mnataka nini tena, si Rais Ruto aliuondoa ule mswada wa kodi, si alifukuza mawaziri, si aliomba msamaha, mbona Juni ikifika mnarudi barabarani? Swali lako sikulichukia, maana ukiwa mbali habari zinakufikia vipandevipande kwenye simu na kila kipande kinaonekana kama mtu amesikia. Sisi tulioko huku tunaona kinachofuata baada ya kila kipande, na hapo ndo pana uchungu.

Tuanze na huo mswada wa fedha wa 2024. Walitaka mkate utozwe VAT asilimia 16, gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kelele zikapigwa hayo mawili wakayatoa lakini mengine wakabaki nayo. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakapiga kura ya ndio, 106 wakakataa, vijana wakaingia bungeni na nje askari wakafyatua risasi za moto. Usiku ule rais akatokea kwenye TV akasema ni uhaini, ati wahalifu hatari wameyateka maandamano. Kesho yake jioni mtu yuleyule anatuambia amewasikia Wakenya, hatautia sahihi. Mimi nilifurahi Zuhura, sikufichi, hapa mtaani watu walipiga makofi mbele ya TV.

Haya, mwezi haukuisha. Julai hiyohiyo tozo ya barabara kwenye mafuta ikapanda kutoka shilingi 18 kwa lita hadi 25, na hiyo hata bungeni haikupita, ilitoka wizarani tu. Disemba ikatiwa sahihi sheria nyingine ya kodi, ikarudi na baadhi ya vitu vilevile vilivyokuwa ndani ya mswada tuliouzika. Sasa niambie, mtu akikwambia nimekusikia halafu akapitia mlango wa nyuma na mzigo uleule, utamuitaje?

Mawaziri nao. Kweli aliwafuta tarehe 11 Julai, akabaki Mudavadi peke yake, nchi nzima ikasema sasa tutaona watu wapya. Haikupita wiki mbili orodha ya kwanza ikatoka, majina 11, na 6 kati yao ni walewale waliofukuzwa. Kindiki alikuwa waziri wa usalama wa ndani wakati vijana wanapigwa risasi, alirudishwa kwenye kiti kilekile, na kufika Novemba alikuwa naibu wa rais. Yaani kule kwengine waziri ambaye watu wameuawa chini yake anaulizwa, huku kwetu anapanda. Na Joho wetu wa hapa Mombasa, aliyekuwa akizunguka 2022 kumpinga Ruto jukwaani, akachukua wizara ya madini na vile vinywa vilivyokuwa vikisema vikanyamaza. Watu hapa walimpenda, wewe unajua. Siku hizi wanapomtaja wanaangalia pembeni.

Lakini kodi na mawaziri ningevumilia, kodi tumekuwa tukilipa tangu zamani na wanasiasa kuhamahama hatukuanza kuona leo. Kinachoninyima usingizi ni habari za watu waliokufa na waliochukuliwa, na namna tunavyoambiwa.

Tarehe 30 Juni 2024 rais alikaa na waandishi wa habari Ikulu, wakamuuliza, akasema waliokufa ni 19 na mikono yake haina damu. Kesho yake tume ya taifa ya haki za binadamu, ambayo ni tume ya serikali ya katiba, ikasema imehesabu 39. Hata tukisema ni kukosea hesabu, mtu akikosea hesabu ya maiti anarudi kusema nilikosea. Tumengoja.

Halafu vijana wakaanza kubebwa. Gari lisilo na alama, watu waliofunika nyuso, kijana anatolewa nyumbani ama barabarani na simu yake inazimwa. Polisi wanasema si wao. Disemba 2024 walibebwa hata vijana waliochora vibonzo tu vya rais mtandaoni. Tarehe 27 mwezi huo rais akiwa Homa Bay akasema tutakomesha huo utekaji ili vijana waishi kwa amani. Mei 2025 akiwa na rais wa Finland hapo Nairobi akasema waliotekwa wote wamerudishwa kwa familia zao. Hebu yaweke hayo maneno pamoja Zuhura. Kama si nyinyi mnaowachukua mtakomesha vipi, na kama hamkuwachukua nani aliwarudisha? Na kuna familia ambazo siku hiyohiyo zilisema wetu hajarudi mpaka leo, mama anakaa na picha ya mwanawe anasikia kwenye redio kwamba amesharudi nyumbani!

Si maneno ya wapinzani haya. Justin Muturi alikuwa mwanasheria mkuu wa serikali hii hii wakati mwanawe alipotekwa Juni 2024. Aliandikisha taarifa kwa wapelelezi akasema mtoto aliachiliwa baada ya rais kumpigia simu mkuu wa idara ya ujasusi. Mwanasheria mkuu! Kama yeye ilibidi aende Ikulu kumuombea mwanawe, muuza nguo wa soko la Kongowea ataenda wapi? Na jibu alilopata Muturi, ambaye kufikia hapo alikuwa waziri, ni kufutwa kazi Machi 2025.

Sasa huo msamaha uliousikia. Ni kweli, tarehe 28 Mei 2025 kwenye ile hafla ya maombi ya kitaifa alisema kama kuna mahali tumewakosea vijana tunaomba msamaha. Kama. Hata hivyo watu wengi waliupokea, mama yangu alisema Mungu amemgusa. Hata wiki mbili hazikuisha. Tarehe 7 Juni mwalimu Albert Ojwang akakamatwa nyumbani kwa babake huko Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi akalazwa seli ya kituo cha polisi cha Central, na tarehe 8 alikuwa amekufa. Polisi wakatoa taarifa, ati alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Madaktari wakapasua maiti wakakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na alama za kupigwa mwilini. Inspekta jenerali ikabidi asimame mbele ya maseneta aombe radhi, aseme ile taarifa aliletewa na wadogo zake.

Mimi nimeikumbuka hiyo taarifa ya ukuta kuliko kitu chochote mwaka ule. Kwa sababu mtu aliketi chini akaiandika. Kijana amelala pale amekufa, ana mtoto mdogo nyumbani, na mtu mzima ameshika kalamu anafikiria tuwaambie nini, akaona ukuta unatosha kwetu. Alijua hakuna atakayemuuliza, na kama si wale madaktari na kelele za watu ingebaki hivyo, ukuta ungekuwa ndo muuaji. Mkuu wa kituo na wengine wameshtakiwa kwa mauaji, sawa. Yule naibu inspekta jenerali mwenyewe alijiweka kando kidogo, hakushtakiwa, akarudi ofisini.

Mwezi uliofuata, tarehe 9 Julai, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba ambapo watu wengine zaidi ya 30 waliuawa, rais akatamka kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu. Huyo ndiye aliyeomba msamaha Mei. Agosti ikatangazwa kamati ya kuwafidia waathiriwa, ikapelekwa kortini ikasimamishwa. Fidia si mbaya, kuna watu hawana hela ya kufanyiwa upasuaji. Lakini unamlipa mama wa marehemu bila kumtajia aliyemuua mwanawe? Wale wa BBC walichambua picha na video za siku ile ya bunge wakawatambua askari waliofyatua, wageni kutoka London wameweza, wetu wenye bunduki na daftari za kuziandikia hizo bunduki hawawezi.

Utaniambia hata waliotangulia walidanganya, na ni kweli kabisa. Uhuru alitamka kwa mdomo wake 2021 kwamba nchi inaibiwa shilingi bilioni 2 kila siku, akayasema kama mtu anayepita njia, na yeye ndiye rais. Ruto naye nimpe haki yake, siku aliyoapishwa alirudisha ukaguzi wa mizigo hapa bandarini kama alivyoahidi, na vijana wetu wa kilindini walishukuru. Sisemi hajafanya lolote.

Na usidhani kwamba sheria ya kumuwajibisha mkubwa haipo. Ipo na inafanya kazi vizuri sana. Gachagua, aliyekuwa naibu wa rais kabla ya Kindiki, alipogombana na bosi wake hoja ya kumtoa ililetwa bungeni tarehe 1 Oktoba 2024, wabunge 282 wakapitisha tarehe 8, maseneta wakamalizia tarehe 17. Wiki mbili na siku kadhaa, naibu wa rais hayuko. Bunge lilelile, kwa zaidi ya mwaka mzima, halijampata hata mtu mmoja wa kuwajibika kwa damu iliyomwagika mlangoni pake. Hata ule mkataba wa Adani, tajiri wa India, wa uwanja wa ndege wa Nairobi, watu walipiga kelele tangu Julai wakaambiwa ni wajinga hawaelewi maendeleo, ukavunjwa Novemba baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenyewe huko kwao. Sisi wenye uwanja hatukutosha kusikizwa.

Sasa nikueleze kitu kilichonitisha kuliko hata hayo. Januari 2025 serikali ilianza kuchanja mifugo nchi nzima, ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50. Mjomba wangu wa Kinango, unamkumbuka, yule aliyetuletea asali kwenye harusi ya Mwanakombo, ana mbuzi zake na ndo ada za shule za wajukuu. Akakataa. Nilimpigia simu nikamwambia mjomba hii chanjo ni nzuri, ni ya sotoka ya mbuzi, umewahi kupoteza mbuzi kwa ugonjwa huu wewe mwenyewe. Akanisikiza mpaka mwisho, kisha akanambia, mwanangu, hawa si ndo waliosema yule mwalimu mtarajiwa... akataja kijana wa jirani yao aliyebebwa na baadaye familia yake ikaambiwa hakubebwa na mtu. Akasema mimi sijui habari za dawa, nawajua wanaozileta. Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, waamini? Daktari wa mifugo aliyetumwa kwake ni kijana mwema tu, amesomea kazi yake, kachoma mafuta ya pikipiki mpaka Kinango, na ameshindwa kuchanja mbuzi kwa sababu ya uongo uliosemwa Nairobi na watu ambao hawatawahi kumuona.

Na kwenye makato ya mshahara ni hivyohivyo. Kaka yangu Salim analipwa 60,000, zinatoka 900 za nyumba za bei nafuu na 1,650 za bima mpya ya afya pale ambapo bima ya zamani, NHIF, ilikuwa ikikata 1,300. Angeweza kukubali, yeye si mtu wa kulalamika. Kisha mkaguzi mkuu wa hesabu akaandika kwamba ule mfumo wa kompyuta wa hiyo bima, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Salim akaniuliza, ni wa nani? Nikatafuta nani amejibu hilo swali kwa jina na kwa cheo. Maelezo yalikuwa mengi.

Kwa hiyo tunachotaka ni kidogo sana mwenzangu. Mtu mmoja tu, mkubwa, asimame aseme ni mimi niliyetoa amri hii, au ni mimi niliyewadanganya, na baada ya hapo atoke kazini au aende kortini. Mswada mwingine tungeuvumilia.

Nina ombi. Tume ya uchaguzi imekaa bila makamishna zaidi ya miaka miwili, wamepatikana Julai 2025, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Wakenya wa Qatar walipigia kura ya rais hukohuko 2022, kwa hivyo uliza ubalozini kujiandikisha ni lini na unahitaji nini, na waulize na wale wasichana wa Kilifi mnaokaa nao. Pasipoti yako angalia isije ikaisha kabla, na kama iko kwa madam muombe mapema usingoje wiki ya mwisho. Siku ya mapumziko utakayoenda nambie nikufanyie dua.

Ule mzigo wa viungo nimempa binti anayesafiri Jumapili, mdalasini uko kwenye kopo la Blue Band, usilitupe.

Wako,
Mwanaisha