Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliyeko Enschede

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Nimesoma ujumbe uliotutumia baada ya kutazama mechi ya FC Twente ya wanawake, klabu ya hapo Enschede, nikaona unavyoibeza ligi kuu ya wanawake ya Uholanzi: klabu ni chache, bingwa ni wale wale FC Twente, kwa hiyo hakuna cha kufuatilia. Wenye mawazo kama yako ni wengi, hata humu nyumbani, na ndiyo maana nimeamua kukujibu hadharani. Msimu ninaotaka uufahamu si huu wa sasa, bali ule wa kwanza kabisa wa 2007/08, ambao ukiutazama kwenye msimamo wa ligi peke yake utauona mnyonge kuliko huo unaoudharau.

Klabu zilikuwa 6 tu: ADO Den Haag, AZ ya Alkmaar, FC Twente, FC Utrecht, sc Heerenveen na Willem II ya Tilburg. Ili mechi zitoshe, kila timu ilikutana na kila mpinzani wake mara 4, jumla mechi 20 kwa msimu, na hapakuwa na kushuka daraja. Hebu mfikirie mshambuliaji anayekabwa na beki yule yule mara nne kabla msimu haujaisha. Ifikapo mechi ya tatu hakuna chenga ambayo beki huyo hajaikariri. AZ ndio waliotwaa ubingwa, wakautwaa tena 2009 na 2010.

Uchache huo haukuwa bahati mbaya. Kabla ya hapo soka la wanawake nchini Uholanzi liliongozwa na klabu za ridhaa kama Saestum ya Zeist na Ter Leede ya Sassenheim, ambazo zilikuwa na wachezaji hodari lakini hazikuwa na uwezo wa klabu za kulipwa. Vera Pauw, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa tangu 2004, alikuwa mstari wa mbele kutaka wachezaji bora wakusanywe katika klabu chache zenye viwanja, wataalamu wa tiba na makocha wanaoifanya kazi hiyo kwa muda wao wote, ili kila wiki wapambane na wa kiwango chao badala ya kuzifunga timu dhaifu mabao lukuki. Shirikisho la soka la nchi hiyo, KNVB, likakubali. Waliolipa gharama ni akina Ter Leede, ambao walikuwa mabingwa wa 2007 na hawakuwa na nafasi katika ligi mpya. Mimi hadi leo naona walionewa. Kocha wao, mwalimu wa elimu ya viungo aitwaye Sarina Wiegman, alihamia ADO Den Haag, na jina lake bila shaka unalijua.

Lakini ukitaka kuujua msimu ule ulizaa nini, mfuate mchezaji mmoja tu, Sherida Spitse. Ligi ilipoanza alikuwa kiungo wa miaka 17 katika kikosi cha Heerenveen, na kwa mara ya kwanza binti wa umri wake aliweza kucheza ligi ya juu ndani ya klabu yenye jina bila kuihama nchi. Miaka miwili baadaye Uholanzi ilishiriki mashindano makubwa kwa mara ya kwanza, yaani Euro 2009, ubingwa wa mataifa ya Ulaya kwa wanawake, nchini Finland, ikaitoa Ufaransa kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, kisha ikafungwa na Uingereza 2-1 katika muda wa nyongeza wa nusu fainali. Halafu ikaja Agosti 6, 2017. Fainali ya Euro ilichezwa hapo hapo Enschede, katika uwanja wa FC Twente, mbele ya watazamaji zaidi ya 28,000, na Denmark walikuwa wamesawazisha 2-2 kabla ya mapumziko. Dakika ya 51 Spitse alisimama kwenye mpira wa adhabu, akaupiga ukaenda chini chini hadi wavuni. Mechi ikaisha 4-2, Wiegman yule yule akiwa kocha wa Uholanzi. Mabao mawili kati ya hayo manne yalifungwa na Vivianne Miedema, ambaye ligi ilipoanza alikuwa na miaka 11, na ambaye naye aliingia katika ligi hiyo kupitia Heerenveen akiwa na miaka 15.

Sasa nije kwenye lile la bingwa yule yule, maana hapo ndipo uliponikera hasa. Waulize wenyeji wako AZ, mabingwa wa misimu mitatu ya mwanzo, walikwenda wapi. DSB Bank, benki ya mwenyekiti wa AZ, ilifilisika Oktoba 2009, klabu ikaanza kubana matumizi, na mwaka 2011 timu ya wanawake ikafutwa, mwaka mmoja tu baada ya taji lake la tatu mfululizo. Willem II nao wakaiacha yao mwaka huo huo. Nahodha wa taifa, Daphne Koster, akalazimika kutoka AZ kwenda klabu ya Telstar, na mwaka 2012 akaenda Ajax, ambao ndio kwanza walikuwa wameanzisha timu ya wanawake. Kuanzia 2012 hadi 2015 hata ligi yenyewe haikuwapo. Iliunganishwa na ya Ubelgiji, jaribio ambalo lilidumu misimu mitatu tu. Utrecht wakajitoa wakati huo, wakarudi miaka mingi baadaye.

FC Twente hawakujitoa. Hata klabu ilipozongwa na madeni katika msimu wa 2015/16, kiasi cha kunusurika kushushwa daraja na shirikisho, wanawake wake walitwaa ubingwa msimu huo huo. Timu ambayo imekuwapo tangu siku ya kwanza, huku wapinzani wakifungua na kufunga milango kila hali ya fedha inapobadilika, kwa nini isitwae makombe? Mimi sioni hapo udhaifu wa ligi, naona uzembe wa wale walioziua timu zao na leo wanahangaika kuwafikia waliovumilia.

Nakubaliana nawe kwamba ushindani unanoga zaidi Ajax wanapokuwa imara, kama walivyotwaa taji 2017, 2018 na 2023, na kwamba ligi imependeza tangu 2023/24 ilipofikisha klabu 12, AZ na Utrecht wakiwa wamerejea. Basi Ajax wakija Enschede usikose, na gharama ya tiketi nitaibeba mimi.

Wako akupendaye,
Shangazi