Bei ya kichupa siyo gharama ya sindano

Ndugu Mhariri,

Sisi wafamasia wa wodi tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie antibiotiki za sindano. Malalamiko kwamba ni ghali tunayapokea kila siku dirishani, na ni ya haki. Ila wagonjwa wengi, pamoja na baadhi ya wenzetu wanaoandika dawa, hushindania bei ya kichupa na kupaacha penye hela nyingi zaidi: idadi ya dozi, na kila kitu kinachoandamana na dozi moja.

Chukua ampisilini. Kichupa chake ni cha bei ndogo, na anayekiona hufurahi. Lakini mtu mzima mwenye maambukizi makali huchomwa kila baada ya saa 6, yaani mara 4 kwa siku. Kila mara hiyo ina bomba jipya, sindano mpya, maji ya kuchanganyia, glavu, pamba na muda wa muuguzi. Kanula, ule mrija mdogo unaoachwa mshipani, nayo huziba au kuuvimbisha mshipa, ikabidi ingine itafutwe mkono wa pili. Juu ya hayo, mtu anayechomwa usiku wa manane hawezi kulala kwake, kwa hiyo analipia kitanda. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kwa maambukizi mengi hutolewa mara 1 tu kwa siku, ikiwezekana hata kwenye msuli bila kanula. Mgonjwa aliyekwisha kutulia anaweza kuja kila siku saa ileile, akachomwa, akaondoka. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari au mfamasia ni hili: matibabu ya siku nzima, pamoja na vifaa na kitanda, yatafika kiasi gani?

Hapo hapo kuna mgongano ambao hatutaufunika. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Ampisilini, jentamaisini na sefazolini zimo katika kundi la kwanza. Seftriaksoni na meropenemu zimo katika la pili, kwa sababu zikitumiwa ovyo vimelea huzizoea, na kinachobaki baada ya hapo ni dawa za kundi la tatu kama kolistini. Basi unafuu wa kuchomwa mara moja hauihalalishi seftriaksoni kwa kila kikohozi na kila homa. Jentamaisini inatoka kundi la kwanza na hutolewa mara 1 kwa siku kwa wagonjwa walio wengi. Ule utaratibu wa kuigawa mara 3 umepitwa na wakati lakini bado tunauona kwenye mafaili. Tatizo lake ni figo na masikio, ndiyo maana haifai kuendelezwa siku nyingi wala kupewa mtu aliyeishiwa maji mwilini bila kipimo cha figo. Na isichanganywe na penisilini ndani ya bomba moja, maana huharibiana kabla hata ya kuingia mwilini.

Swali linalotangulia yote ni kama sindano inahitajika. Imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge imewafilisi watu wengi. Dawa ikishafika kwenye damu kwa kiwango kinachotosha, bakteria hawajui imepita njia gani. Kuna sababu halisi za kuchoma: mgonjwa anatapika au hajitambui, presha imeshuka kwa sababu ya maambukizi kwenye damu, homa ya uti wa mgongo, mtoto mchanga aliyezidiwa, kaswende kwa mjamzito (hapa penisilini ya benzathini ndiyo tegemeo, nayo ni ya kwenye msuli tu, kamwe isiingie mshipani), au dawa yenyewe haifyonzwi na utumbo, kama jentamaisini na meropenemu. Nje ya hapo uliza. Mwaka 2014 WHO ilibadili mwongozo wake kuhusu nimonia ya watoto: mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani anapopumua, lakini hana dalili nyingine za hatari, anatibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa, miligramu 40 kwa kila kilo mara 2 kwa siku, kwa siku 5. Hapo kabla mtoto huyo alikuwa wa kulazwa na kuchomwa. Mwongozo wa 2015 ukagusa watoto wa chini ya miezi 2 ambao familia zao haziwezi kufika hospitali ya rufaa: kwa wale wasio mahututi, mhudumu aliyefunzwa anaweza kutoa jentamaisini mara 1 kwa siku kwa siku 2, huku amoksilini ya kunywa ikiendelea hadi siku ya 7.

Pesa nyingi zaidi, kwa tunavyoona sisi, hupotea baada ya saa 48 za kwanza za sindano. Saa hizo 48 hadi 72 zikifika, mtu mmoja lazima asimame kitandani na kuuliza kama mgonjwa anaweza kuhamia vidonge. Vigezo si siri: homa imeshuka kwa walau siku nzima, mapigo ya moyo na kupumua vimetulia, anakula na kumeza bila kutapika, na maambukizi hayako mahali pagumu kama ubongo, valvu za moyo au jipu lisilotolewa usaha. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba hakuna anayeuliza. Asubuhi faili linaandikwa “aendelee na dawa”, kesho yake linaandikwa vilevile, inaingia Jumamosi na bingwa hayupo, na kufikia Jumatatu familia imenunua vichupa vya siku nne ambavyo havikuhitajika.

Mfano ulio wazi ni metronidazoli ya dripu. Kidonge chake hufyonzwa karibu chote, ila dripu inagharimu mara nyingi zaidi na inahitaji mpira na kanula. Mgonjwa anayekunywa uji hana sababu ya kutundikiwa metronidazoli. Levofloksasini, linezolidi, doksisaiklini, klindamaisini na kotrimoksazoli nazo hufyonzwa vizuri sana. Siprofloksasini iko chini kidogo lakini inatosha, mradi isinywewe pamoja na maziwa, madini ya chuma au dawa za kutuliza asidi, kwani hivyo huishika tumboni isipite.

Wengine huambiwa “seftriaksoni haina vidonge” na mjadala unaishia hapo. Ni kweli haina, lakini kuhamia vidonge si lazima kuwe kwa dawa ileile. Mwenye nimonia anaweza kuendelea na amoksilini, peke yake au iliyochanganywa na klavulaneti. Mwenye maambukizi ya figo atapewa siprofloksasini au kotrimoksazoli ikiwa kipimo cha kuotesha mkojo kinaonyesha bakteria wake wanauawa nazo. Ndiyo sababu tunasisitiza damu au mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Kipimo hicho kinaumiza mfuko siku ya kwanza; siku ya tatu kinarudisha pesa, kwa kuwa daktari mwenye majibu mkononi anaweza kushusha kutoka dawa kali kwenda ya kawaida bila kubahatisha. Ukichukua sampuli baada ya dozi mbili, mara nyingi hakioti kitu na hela ya maabara imeliwa bure.

Hata magonjwa yaliyojulikana kuwa ya sindano za wiki 6 yamechunguzwa upya. Utafiti wa OVIVA wa Uingereza uliochapishwa 2019, wenye wagonjwa 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kuwa waliohamishiwa dawa za kunywa mapema hawakufanya vibaya kuliko waliobaki kwenye mshipa. POET wa Denmark ulipata matokeo ya namna hiyo kwa wagonjwa 400 wa maambukizi ya valvu za moyo, baada ya kutulizwa kwanza kwa sindano. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa karibu na dawa zao zilichaguliwa na mabingwa, kwa hiyo asitoke mtu na barua hii akajing'olea kanula. Ila kumuuliza bingwa ni haki yake.

Idadi ya siku nayo ina mazoea yasiyo na msingi. Saba na kumi na nne zimeandikwa sana kwa sababu ya wiki. Nimonia ya kawaida ya mtu mzima anayepata nafuu inatosha siku 5. Maambukizi ya ndani ya tumbo yaliyokwisha kusafishwa vizuri na mpasuaji yanatosha takriban siku 4. Kwa bakteria kwenye damu, utafiti wa BALANCE wa 2024 wenye wagonjwa zaidi ya 3,600 ulikuta siku 7 si duni kuliko 14, ila haukuhusisha bakteria aitwaye stafilokoka aurea, ambaye anahitaji muda mrefu zaidi. Siku zinahesabiwa tangu dozi ya kwanza iliyofaa, na vidonge vimo katika hesabu. Wako wanaoanza kuhesabu upya siku ya kuhamia vidonge. Huko ni kulipa mara mbili.

Kwenye upasuaji jambo ni fupi. Kinga ni dozi 1, kwa kawaida sefazolini, inayotolewa muda mfupi kabla ya kisu. Mwongozo wa WHO wa 2016 unapinga kuendeleza kinga hiyo baada ya upasuaji kwisha. Cheti cha sindano za siku 5 baada ya upasuaji msafi uliokwenda salama kinastahili kuulizwa kwa adabu: kuna maambukizi, au ni kinga?

Kwa watoto upotevu umo ndani ya kichupa. Mtoto wa kilo 8 anayetakiwa seftriaksoni miligramu 50 kwa kilo anahitaji miligramu 400. Ukinunua kichupa cha gramu 1, miligramu 600 zinamwagwa. Kichupa cha miligramu 500 kingetosha, nacho mara nyingi ni nafuu. Kama ni gramu 1 tu kilichopo, kipimo cha kuchanganyia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Unga wenyewe unachukua nafasi. Kwa vichupa vingi vya gramu 1, maji mililita 9.6 hutoa mchanganyiko wa mililita 10 wenye miligramu 100 kila mililita, na mtoto wetu anapata mililita 4 kamili. Soma karatasi ya ndani, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana. Kilichobaki kisirudishwe nyumbani kwenye friji kungoja kesho, kwani vichupa hivi havina dawa ya kuzuia uchafu kuota. Ampisilini ikichanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa 1. Wodi inaweza kuokoa mabaki kwa kupanga watoto wa dawa moja wachomwe saa ileile, na dozi zote zivutwe kwa mkupuo mmoja mahali safi, kila mtoto na bomba lake.

Dozi nyingine huharibika kwa kuchanganya vibaya. Seftriaksoni isitiwe kwenye dripu ya Ringer, maana kalsiamu iliyomo huifanya igande chembechembe. Kwa mtoto mchanga jambo hilo linaweza kuua. Ikichanganywa na lignokeini (dawa ya ganzi) kwa ajili ya msuli, isipelekwe mshipani kamwe.

Kuhusu jina la kibiashara: omba dawa iandikwe kwa jina lake halisi, kisha uulize toleo la bei ndogo lililosajiliwa. Lakini usinunue sindano mkononi mwa mtu. WHO ilikadiria 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 ni bandia au haifikii ubora, na antibiotiki ni miongoni mwa zinazoripotiwa sana. Kagua kifuniko kama kinacheza, namba ya toleo kama inalingana na ya kwenye boksi, na unga kama umeshikana mabonge au unagoma kuyeyuka.

Kuna na lile neno “ana mzio wa penisilini” lililoandikwa kwenye faili tangu utotoni. Marekani takriban mtu 1 kati ya 10 anasema anao, na wakipimwa walio wengi hawana. Vipele vya utotoni au kuharisha kulikofuatia dawa si lazima viwe mzio, ila neno hilo likishaandikwa linamsukuma mgonjwa kwenye dawa za bei kubwa maisha yake yote. Mweleze daktari nini hasa kilitokea, baada ya muda gani, na kama ulivimba uso au ulibanwa pumzi.

Baya kuliko yote ni kununua vichupa vya siku mbili, hela ikaisha, mtu akakaa kimya. Wengine huruka dozi ili vichupa vifike mbali. Penisilini na jamii ya seftriaksoni hufanya kazi kwa kukaa kwenye damu juu ya kiwango fulani kwa muda wa kutosha. Ukirefusha nafasi kati ya dozi, bakteria hupata saa za kupumua na kuzaliana. Sema mapema, kabla dozi ya kwanza haijachanganywa, una uwezo wa siku ngapi. Daktari akijua hivyo anaweza kuchagua dawa nyingine, kupanga siku ya kuhamia vidonge, au kukuandikia kwenda idara ya ustawi wa jamii ya hospitali.

Kwa wenzetu wanaoandika dawa tunaomba cheti cha sindano kiwe na mistari mitatu ya nyongeza: sababu ya dawa, tarehe ya kuipitia upya, na tarehe ya kuisimamisha. Na kwenye dirisha la famasia, tuuze vichupa vya hadi tarehe ya kuipitia upya tu. Vinavyonunuliwa kwa ajili ya wiki nzima siku ya kwanza havirudishwi, na vikishakuwa kabatini mwa mgonjwa kila mtu huona ni heri vichomwe viishe.

Wafamasia wa wodi