Wanaotaka kuongeza makalio wasiulize bei tu

Mhariri,

Mabinti wengi hapa Dar es Salaam wakitaka kuongeza makalio huulizia bei tu. Daktari hunyonya mafuta tumboni au mapajani, huyasafisha, kisha huyadunga makalioni. Sehemu yake hufyonzwa na mwili, kwa hiyo shepu ya wiki ya kwanza siyo utakayobaki nayo. Hutakiwi kuyakalia kwa wiki 2 au zaidi: unalala kifudifudi, na daladala ya Mbagala usahau kwanza. Kubwa zaidi, mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu hufika mapafuni, na mtu anaweza kufa papo hapo. Huyo anayewadunga sindano chumbani, Baraza la Madaktari Tanganyika linamtambua? Mwulizeni kabla hamjatoa hata shilingi.

Mama wa mabinti wawili,
Temeke, Dar es Salaam