Msifungue injini kwanza

Wadi Kabir, Maskat

Baba, shikamoo. Asalaam alaykum nyote hapo nyumbani. Mimi mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Joto tu ndilo linalotutesa. Mchana linapita 45 na gereji yetu paa lake ni la bati.

Ujumbe wa Mama nimeusikiliza. Anasema gari letu la Noah linanukia shira, na fundi keshasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba baina ya injini na kichwa chake) imeungua, injini ifunguliwe. Baba, kwa heshima zote, mwambie asubiri. Hedi ile ni ya alumini, ikishafunguliwa yataka ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine, na pesa itakayokwenda hapo ni ya ada ya watoto. Pengine gasketi ni nzima.

Harufu tamu namna hiyo ni ya kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa ya kupozea injini. Ndani yake mna kemikali iitwayo glaikoli, nayo ikivuja ikagusa pahala pa moto hunukia hivyo. Kwa hiyo mafundi hapa huuliza kwanza: harufu iko ndani ya gari au nje?

Kama inazidi mkikaa ndani na feni ya AC inavuma, mimi naishuku hita, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari. Najua Unguja hakuna mtu anayewasha hita, lakini kirejeta chake kimo nyuma ya deshibodi, na kwenye gari nyingi maji hukipitia hata kama hutaki joto. Idi ainue zulia la mbele, pande zote mbili, apapase kwa vidole. Maji ya AC hayana utelezi. Kulanti inateleza na inaacha unato. Aangalie pia kioo cha mbele kwa ndani, kama kinafanya utando wa mafuta ambao ukiufuta unarudi. Tena Noah nyingine zina hita ya pili kwa nyuma, na mabomba yake hupita chini ya gari. Wewe unapeleka wageni Nungwi, hewa ya chumvi kila siku. Bomba la chuma halidumu hapo. Alale chini atazame.

Ikiwa ni hita, msihangaike kutafuta spea. Ile mipira miwili inayoingia kwenye hita iunganishwe kwa kipande cha bomba, maji yageuzie hapo hapo. Lakini fundi asiizibe kwa bolti, maana kuna injini zinazotegemea mzunguko huo ili thamostati, ile inayopitisha maji injini ikipata moto, ifanye kazi. Siku ya mvua vioo vikifanya ukungu, washeni AC.

Harufu ikiwa nje, upande wa boneti, tazameni maungio ya rejeta, wota pampu, na kifuniko cha rejeta. Mafundi wengi hukipuuza kifuniko. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo presha kinayoizuia, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke mapema. Mpira wake ukikakamaa maji hutoka kidogo kidogo, huoni tone chini, unasikia harufu tu. Kifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, Baba. Nimeona mkono wa mtu hapa ulivyobabuka.

Gasketi nayo ina dalili zake: moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, ute mweupe chini ya kifuniko cha oili, mapovu kwenye rejeta, au mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha asubuhi. Kama hakuna hata moja, sioni sababu ya kushika spana.

Na tafadhali kulanti iliyomwagika uani imwagiwe maji mengi. Paka huilamba, na inaua figo zao. Wajukuu pia msiwaache karibu.

Idi, wewe na ile harufu yako ya mayai viza unayosema imetokana na petroli mbovu: usimsingizie muuza petroli. Pima betri injini ikiwa inawaka. Ikisoma kati ya volti 13.5 na 14.5 ni sawa, hapo nitaanza kufikiria katalisti ya eksozi, ile inayosafisha moshi. Ikipita 15, alteneta inayochaji inaichemsha betri, nayo hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usiinamie hapo na sigara yako.

Jirani yetu anarudi Unguja Ijumaa, inshallah. Nimempa kifaa cha kupimia gasketi, kina dawa ya buluu. Mkikishika kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka, dawa ikageuka manjano, basi moshi wa silinda unaingia kwenye maji na fundi alisema kweli, mfungueni. Punguzeni maji ya rejeta kidogo kabla ya kupima, yasije yakanyonywa yakaharibu dawa. Majibu nipigieni baada ya isha, mchana simu naiacha kabatini.

Wasalaam,
Mwanao