MALALAMIKO: Bunduki yenu inahama shabaha ikipata moto, na nyie mmeipima ikiwa baridi

Kwa: Huduma kwa Wateja na Karakana ya Matengenezo
Kutoka: Mteja wenu, Houston, Texas

Ndugu zangu, salaam.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu yule kaka Mkenya wa kaunta ya matengenezo ndo aliniambia niandike kwa lugha ambayo nitaeleza bila kukwama, yeye atawasomea mafundi. Kaka, barua ni ndefu, naomba uwasomee yote usiwafupishie, maana kila nikifupisha napata jibu lile lile la kukopi na kupesti.

Ishu ni hii. Bunduki yenu ya semi otomatiki (inajipakia risasi yenyewe) ya milimita 5.56, niliyoinunua mpya kabisa, ikiwa baridi inapiga vizuri sana na hilo silipingi. Nimeiziro, yaani nimerekebisha darubini ipige ninapolenga, kwenye yadi 100, risasi 5 za kwanza zinakaa ndani ya inchi moja na kidogo, pale pale nilipolenga. Sasa ukiendelea kupiga, mtutu ukishaanza kupata moto, matundu yanaanza kupanda na kwenda kulia. Nasisitiza hapo, HAYATAWANYIKI, yanahama, yanatembea kidogo kidogo kuelekea juu kulia mpaka ukimaliza magazini ya risasi 20 zile za mwisho ziko kama inchi 4 mbali na za kwanza. Ukiiacha ipoe, ipoe kweli hadi mtutu unashikika kwa mkono, ukapiga tena, risasi inarudi katikati kama hakuna kilichotokea. Ikipata moto tena inaondoka, upande ule ule, umbali ule ule.

Mkumbuke nimenunua hii bunduki kwa ajili ya nguruwe pori. Tangu 2019 hapa Texas huhitaji leseni ya uwindaji kuwapiga nguruwe pori kwenye shamba binafsi, ilimradi mwenye shamba amekuruhusu, na mwenye shamba aliyeniruhusu mimi ana ng'ombe wake humo humo. Nguruwe hawaji mmoja, wanakuja kundi zima, ukipiga wa kwanza wengine wanakimbia, ndo maana mtu anachukua semi otomatiki badala ya bolti, ile ya kupakia kwa mkono kila risasi. Ina maana ninapoihitaji zaidi ni pale ambapo mtutu umeshapata moto. Inchi 4 kwenye yadi 100 ni inchi 8 kwenye yadi 200, hapo umelenga mapafu umepiga mgongo au umekosa kabisa, mnyama anaondoka na jeraha anaenda kufa siku ya pili vichakani kwa mateso, na risasi iliyokosa inaendelea na safari yake. Mimi siwezi kuchezea kitu kama hicho kwenye shamba la mtu.

Majibu yenu ya kwanza yalisema badilisha risasi. Sawa, nikabadilisha. Nilikuwa natumia za grain 55 (grain ni kipimo cha uzito wa risasi), nikachukua na za grain 62, zote boksi za loti moja ili nisije nikaambiwa nimechanganya. Ni kweli za grain 62 zinapiga sehemu tofauti kidogo kwenye karatasi, hilo ni kawaida, risasi nzito haiendi sawa na nyepesi. Lakini nazo zikifika kwenye moto zinahama vile vile, juu kulia. Kama tatizo lingekuwa risasi basi kila aina ingekuwa na tabia yake.

Mkasema tena ni darubini au mauntingi, yaani kishikio chake, imelegea. Nimekaza skrubu zote kwa toki renchi, kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya mauntingi, kisha nikapiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye kichwa cha skrubu unaingia kwenye ringi, kwa hiyo skrubu ikizunguka hata unywele mstari unakatika. Haujakatika hata mmoja. Halafu nikatoa darubini yangu nikaweka ya rafiki yangu ambayo ipo kwenye bolti yake ya kulungu miaka yote na haijawahi kumsumbua. Ikahama vile vile. Na jamani, darubini iliyolegea hairudi nyumbani yenyewe bunduki ikipoa! Ikilegea inapotea moja kwa moja mpaka uiziro upya. Kitu kinachoondoka na joto na kurudi na baridi, kila mara kwa njia ile ile, hicho ni chuma kinachosukumwa na kitu au chuma chenye msongo ndani yake.

Baadae ndo mkakubali niitume. Mkakaa nayo wee, ikarudi na karatasi ya shabaha yenye matundu 3 yaliyogusana na muhuri wa kwamba imepita. Matundu 3! Bunduki ya baridi, risasi 3, bila shaka itapita, mimi mwenyewe tangu barua ya kwanza nimewaambia ikiwa baridi haina shida. Hapo ndo niliumia zaidi kuliko hata tatizo lenyewe, kwa sababu ina maana hakuna mtu aliyesoma nilichoandika wala kuangalia zile picha za shabaha nilizowatumia, nilizozipanga kabisa ya baridi, ya vuguvugu na ya moto. Ni sawa na kumpeleka mtoto mwenye homa za usiku hospitali halafu wanampima saa nne asubuhi na kusema mzima huyu.

Kwa hiyo nikaamua kutafuta mwenyewe. Nikachukua noti ya dola 1, nikaipitisha kati ya mtutu na hendigadi ya alumini inayouzunguka. Kwenye matangazo yenu mmeandika hendigadi haigusi mtutu popote, ndo maana bei iko vile. Noti ikateleza vizuri mpaka ilipofika kwenye gasi bloku, kile kipande kwenye mtutu kinachochukua gesi ya kuendesha bunduki, ikakwama. Nikatoa hendigadi, nikamulika ndani kwa tochi. Upande wa chini kushoto, pale pale gasi bloku inapokaa, ile rangi nyeusi imesuguliwa mpaka alumini inang'aa, alama ndefu kama kucha ya kidole kidogo, na skrubu ya gasi bloku upande huo huo kichwa chake kimechomoza nje na kina unga wa alumini. Nimewatumia picha. Sasa tufikirie pamoja, mtutu ukipata moto unatanuka, nafasi yenyewe haipo, gasi bloku inaegemea hendigadi chini kushoto, mtutu utasukumwa wapi kama sio juu kulia?

Nikaenda nikapiga bila hendigadi kabisa, mfuko wa mchanga nimeuweka chini ya risiva, yaani mwili wa bunduki, na sio chini ya mtutu, na risasi ya kwanza ya kila magazini siihesabu maana ile umeingiza kwa mkono na mara nyingine inajitenga na wenzake kwenye semi otomatiki. Kuhama kukapungua karibu kote. Kimebaki kidogo, kama inchi moja hivi, na hicho ndicho kinanitia wasiwasi kwamba pengine na mtutu wenyewe una msongo, au nati ya mtutu, ile inayoushikilia kwenye risiva, haijakazwa sawa. Nati hiyo kwenye bunduki za mfumo huu inatakiwa kukazwa kati ya futi-paundi 30 na 80, mimi sina jigi (kifaa cha kushikilia bunduki) ya kuifungulia kwa hiyo sijaigusa, hiyo ni kazi yenu.

Kuwaambia hivyo, jibu likaja kwamba kwa kuwa nimefungua hendigadi mwenyewe waranti imekufa. Hapana. Hendigadi inatolewa kwa skrubu 2, na kitabu chenu cha maelekezo kinaonyesha namna ya kuitoa kwa ajili ya usafi. Halafu kuna sheria ya waranti ya serikali kuu, Magnuson-Moss, ya tangu 1975, na FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, mwaka 2018 iliwaandikia makampuni 6 barua za onyo juu ya maneno ya namna hii ya kumtisha mteja. Kama mnadai mimi nimeharibu, onyesheni nilichoharibu, maana tatizo nililiripoti kabla sijagusa hata skrubu moja na imeili zenu zina tarehe.

Ninachotaka sio pesa za usumbufu. Nataka mnitumie lebo ya usafirishaji mliyolipia nyie, na mkimaliza mnirudishie moja kwa moja nyumbani, sheria inaruhusu bunduki iliyoenda matengenezo kurudi kwa mwenyewe, msinizungushe tena dukani nikalipe ada. Mbadilishe hendigadi na hiyo skrubu ya gasi bloku, mpime nati ya mtutu. Halafu muipige hivi: risasi 5 baridi, magazini nzima ya kuipasha moto, risasi 5 nyingine karatasi ile ile bila kugusa darubini, iachwe ipoe, 5 tena. Karatasi hiyo mnitumie pamoja na bunduki. Kama makundi ya risasi bado yanahama baada ya hapo basi mtutu haufai, wekeni mwingine na mrudie kipimo.

Kaka wa kaunta, asante kwa uvumilivu wako. Karatasi zangu za shabaha halisi ninazo zote, nitaziweka ndani ya boksi na bunduki. Nasubiri lebo.

Mteja wenu,
Houston