Alhamisi Baada ya Isha

Ngamiani, Tanga
Alhamisi usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi. Ningeanza kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, lakini juzi nimekusikia kwenye simu unacheka mpaka nikaisogeza mbali na sikio, kwa hiyo hofu sina. Mama anakusalimu. Anauliza kama huko Mwanza umeshauzoea ugali wa muhogo au bado unalilia wali wa nazi.

Sasa lile uliloniuliza. Ulisema siku zinakupita hapo sokoni Mwaloni kama maji kwenye chujio, hujakaa sawa Jumatatu, ukigeuka ni Ijumaa, na eti mimi unaniona nimetulia, ukataka kujua huo utulivu nautoa wapi. Somo, utulivu sina. Nina daftari, kaunta buku ya kwaya mbili, na kila wiki nina Alhamisi yangu.

Ile harusi ya mwaka juzi habari zake zilikufikia, lakini hujazisikia kwangu. Nilipokea sare ya kinamama tisa, kitenge kimoja, mishono tisa. Kila mmoja nilimwambia neno letu lile mafundi: njoo kesho kutwa. Wallahi sikuwa namdanganya mtu, nilikuwa naamini kabisa. Usiku wa kuamkia harusi wanne walikaa barazani kwangu wanakula karanga kimya kimya, mimi ndani naunga mikono ya magauni. Saa tano umeme ukakatika. Mashine ya ovaloki ikazimika, nikaendelea na cherehani ya mguu, mtoto kanishikia tochi ya simu huku anasinzia, mwanga unapanda ukutani unashuka. Adhana ya alfajiri ilinikuta na magauni saba. Mawili nikayashika pindo kwa pini. Mmoja aliingia ukumbini na pini zake, kila akitaka kukaa anainuka. Mpaka leo akipita hapa anageuza uso.

Nilidhani kosa langu ni uvivu. Lakini mvivu gani anakesha? Kosa nililigundua baadaye: miaka tisa niko kwenye cherehani, na mtu angeniuliza kwa wiki moja namaliza nguo ngapi, nisingekuwa na jibu. Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa napokea vitambaa kwa jinsi moyo ulivyokuwa umefurahi siku hiyo.

Dawa niliiona kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa. Unakijua, kile cha Jumapili saa kumi, sanduku la makufuli matatu na funguo kwa watu watatu. Nilikuwa nawatazama akina mama wale, wengine hata kusoma hawajui, na hesabu zao hazipotei. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayengoja ajisikie. Saa kumi ikifika mtu anakaa, hela ya mwanzo inahesabiwa mbele ya wote, hisa zinanunuliwa, aliyechelewa analipa faini. Nikajisema, mbona kwenye kikoba mimi ni mtu mwingine na dukani kwangu ni mwingine? Nikajifungulia kikoba cha mtu mmoja. Faini yangu ni shilingi 500 kwenye kopo la maziwa, na usicheke, lilishanunua uzi mara mbili.

Inakuwa hivi. Alhamisi, baada ya Isha, Mama akiwa kwenye mkeka wake na Yasini, mimi nakaa kona ya pili. Kwanza sishiki kalamu. Nateremsha vitambaa vyote vya watu kutoka kwenye rafu, ambavyo sijavikata na nilivyokata nikaviacha, navipanga sakafuni. Kila kimoja kina karatasi ya vipimo imebanwa kwa pini. Hapo ndipo uongo unapoishia, Somo, maana ukitegemea kichwa utasema vimebaki vichache tu, sakafu itakuonyesha ishirini na tatu. Halafu ndiyo nafungua daftari. Ukurasa wa kushoto naandika wiki iliyopita: nimemaliza nini, nini kimelala, na kimelala kwa nini. Hiyo "kwa nini" naiandika hata ikiniaibisha. "Bitana iliisha, sikwenda sokoni Mgandini." "Nilikaa kupiga soga." "Nimeogopa kukata." Hili la mwisho lilinishangaza lenyewe. Kulikuwa na lesi ya mteja mmoja, ghali, nikaikuta imeandikwa wiki nne mfululizo, kila wiki na sababu tofauti, mpaka wiki ya tano nikaandika ukweli. Kesho yake nikamwita fundi mwenzangu tukaikata pamoja, nusu saa tu.

Ukurasa wa kulia ndiyo wiki inayokuja. Huo ni mfupi, sitaki kukudanganya kwamba kuna ufundi mkubwa. Siku, na nguo chini ya siku.

Baada ya miezi mitatu nilirudi nyuma nikazihesabu kurasa za kushoto. Hakuna wiki hata moja niliyovuka nguo kumi na moja. Hata ile ya kabla ya Idi, niliyodhani nimefanya kazi kama punda! Kumi na moja. Basi mtu akiniletea kitambaa leo, nikitazama rafu ina ishirini na mbili, namwambia wiki mbili. Wengine wanabeba kitambaa chao wanakwenda kwa fundi wa pili, aliyewaambia kesho. Mwanzo iliniuma. Sasa wapo waliorudi.

Na advansi nayo imepata adabu. Zamani ikiingia mchana, jioni ni samaki. Siku hizi inakaa kwenye bahasha yenye jina la mwenye nguo mpaka nguo itoke. Hilo halina hadithi ndefu.

Utauliza kwa nini Alhamisi na si Jumapili kama watu wa maofisini. Kwanza Ijumaa mchana sifungui, kwa hiyo kazi yangu inakatikia hapo. Lakini pia, tazama lugha yetu wenyewe: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, unahesabu mpaka Jumatano ambayo ni tano, halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni tano! Tuna wiki yenye siku ya tano mara mbili, na watu wanashangaa kwa nini mafundi hatujui tarehe. Sasa kama Jumamosi ndiyo ya kwanza, mimi wiki naifunga wazee walipoifunga. Na kwa wazee usiku wa leo ni usiku wa Ijumaa tayari.

Ila wewe usiinakili Alhamisi yangu. Biashara yako ni dagaa, na dagaa hawajui Alhamisi. Wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mbalamwezi ikipevuka mitumbwi inapumzika, mzigo unaadimika na bei inapanda. Unamkumbuka baba? Naye alikuwa mvuvi wa taa, huku baharini. Daftari hakuwa nalo hata siku moja. Lakini mbalamwezi ikiingia, nyavu zinaanikwa uani, anakaa na donge la uzi mguuni, anapitisha vidole tundu moja moja. Tukidhani amepumzika. Akifika penye mpasuko anasimama, anamwita kaka anamuuliza, hapa siku ile tulikwama wapi? Anataka jibu kwanza, halafu ndiyo anashona. Mimi nadhani wewe siku zako ni zile. Kila wiki kaa dakika chache tu uhesabu magunia na madeni, hasa madeni, nakujua, halafu kazi kubwa iweke mwezi ukipevuka, ukiwa huna mzigo wa kukukimbiza.

Na kuna Alhamisi zinazokufa, usidhani. Mtoto alipougua, wiki tatu kurasa ni nyeupe. Nimeziacha hivyo hivyo. Nilijaribu kuzijaza kwa kukumbuka nikaona naandika uongo.

Chini ya ukurasa wa kushoto huwa naacha mstari mmoja usio wa kazi: nani sijamjulia hali. Jina lako limekaa hapo Alhamisi tano, "Somo, barua," na mbele yake sababu tano. Ya wiki iliyopita ni "kalamu imeisha," kwenye nyumba yenye watoto wawili wa shule.

Jambo la mwisho ni kitenge chako, kile cha kijani ulichoniachia tangu Maulidi. Nimekiteremsha leo na vingine. Kuna panya mmoja amekitoboa pembeni, tundu dogo, litaingia kwenye mshono. Mbele yako kuna nguo kumi na nne. Nimekuandika Jumanne, si hii inayokuja, ile ya wiki inayofuata. Jumatano yake nakipandisha kwenye basi la Mwanza. Nitumie kipimo cha kiuno, cha zamani nakitilia shaka.

Mama amemaliza Yasini, anataka nizime taa.

Ni mimi,
Somo yako